Namna ya Kuzifasiri Kanuni za Mwenendo wa Kocha Pembeni mwa Uwanja katika Mpira wa Kikapu wa Shule: Mwongozo Kamili

Watu wawili wanaweza kuisoma sentensi moja ya kanuni za mpira wa kikapu na kila mmoja akatoka na maana yake. Kanuni inamkataza kocha kuwasiliana na waamuzi kwa dharau, lakini haitaji kiwango cha sauti kinachoitwa dharau, wala haisemi kama kuinua mikono juu kwa mshangao ni kosa au ni tabia ya kawaida ya mtu anayeupenda mchezo. Kocha huondoka uwanjani akiamini kwamba alikuwa anauliza tu, mwamuzi huondoka akiamini kwamba alidhalilishwa, na wanafunzi hubaki wakimtazama mpinzani akipiga mtupo huru, yaani mtupo wa adhabu usiozuiwa na mtu, ambao wao hawakuusababisha.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya makocha wa shule, walimu wa michezo, waamuzi wanaochezesha wanafunzi, na waandaaji wa mashindano ambao ndio huulizwa maswali mchezo ukishakwisha. Msimamo wangu ni kwamba kanuni hizi zote zina kusudi moja, yaani kumwachia kocha nafasi kamili ya kufundisha huku zikimzuia asiuendeshe mchezo akiwa pembeni. Kifungu kinachoonekana kuwa na utata kikisomwa kwa kusudi hilo, mara nyingi maana yake hujitokeza yenyewe.

Hatua ya kwanza: fahamu ni kitabu kipi kinachotawala mchezo wenu

Kabla ya kubishana juu ya maana ya kanuni, hakikisheni kwamba mnaizungumzia kanuni moja. Mashindano mengi ya shule duniani huchezwa kwa Kanuni Rasmi za Mpira wa Kikapu za FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Nchini Marekani, shule za sekondari kwa kawaida hufuata kitabu cha NFHS, shirikisho la kitaifa la vyama vya michezo vya shule hizo, ambacho vyama vya michezo vya majimbo huweza kukirekebisha katika baadhi ya vipengele. Ligi ya kulipwa ya NBA ina kitabu chake cha tatu, na hicho ndicho watu wengi wanachokijua kupitia televisheni. Kocha anayejenga hoja yake juu ya alichokiona kwenye NBA hujikuta ameshindwa kabla hajafungua kinywa, hata pale ambapo malalamiko yake yana msingi.

Tofauti kati ya vitabu hivi si ndogo. Kwa FIBA, faulo ya kiufundi, yaani faulo ya mwenendo mbaya isiyotokana na kugusana, humpa mpinzani mtupo huru 1, kisha mchezo huendelea pale uliposimama, na mpira huenda kwa timu iliyokuwa inaumiliki au iliyostahili kuupata. Kwa NFHS, mpinzani hupata mitupo huru 2 na mpira juu yake. Mwamuzi aliyezoea kitabu kimoja anapoalikwa kuchezesha kwa kingine, uzito wa uamuzi wake hubadilika bila yeye kuhisi.

Juu ya kitabu cha sheria kuna kanuni za mashindano yenyewe, ambazo waandaaji huzitoa kabla ya msimu. Humo ndimo hutajwa mambo kama kufungiwa mchezo unaofuata baada ya kuondolewa, au masharti kuhusu nani anaruhusiwa kukaa benchi. Zisomeni zote mbili kwa pamoja. Kitabu cha sheria hueleza kinachotokea ndani ya mchezo, na kanuni za mashindano hueleza kinachofuata baada yake. Katika fasiri yoyote mtakayoandika, tajeni pia toleo la kitabu, kwa sababu FIBA hufanya marekebisho kila baada ya miaka michache na namba za vifungu huhama.

Katika hatua zinazofuata nitatumia kitabu cha FIBA kama msingi, na nitataja NFHS pale ambapo tofauti inabadilisha jibu.

Hatua ya pili: pima nafasi kwa miguu yako

Sehemu hii ya kanuni ina namba, na kwa hiyo ndiyo yenye utata mdogo kuliko zote, lakini hupuuzwa sana kwa sababu viwanja vingi vya shule havina mistari inayotakiwa.

Kwa FIBA, eneo la benchi la timu huanzia usawa wa mstari wa mwisho wa uwanja na kuishia kwenye mstari uliochorwa mita 5 kabla ya kufika mstari wa katikati, na mistari hiyo miwili hutoka nje ya uwanja kwa urefu usiopungua mita 2. Kwa kuwa nusu ya uwanja ina urefu wa mita 14, kocha anabaki na ukanda wa mita 9 wa kutembea. Watu wasio na ruhusa ya kukaa benchi, wakiwemo wazazi na wanafunzi mashabiki, wanapaswa kuwa angalau mita 2 nyuma ya benchi. Katika shule za Marekani, kisanduku cha kocha kina urefu usiozidi futi 28, takriban mita 8.5, baada ya kuongezwa kutoka futi 14 katika msimu wa 2017-18.

Ikiwa mistari haipo, kocha na mwamuzi wakubaliane mapema, wapime, na wabandike utepe. Kazi hiyo ni ya dakika chache tu, na huondoa kabisa ule mjadala wa robo ya nne ambapo mwamuzi anamwambia kocha arudi nyuma na kocha anauliza arudi hadi wapi.

Sasa tuje kwenye fasiri. Je, kocha aliyeukanyaga mstari wa pembeni kwa ncha ya kiatu amefanya kosa? Kwa maneno ya kanuni, ametoka nje ya eneo lake. Kwa kusudi la kanuni, jiulize amevuruga nini. Kuna hali tatu ambazo ningezitenganisha. Ya kwanza ni kocha aliyesogea nusu hatua huku akimwelekeza mlinzi wake, mchezo ukiwa upande wa pili wa uwanja; hapo neno moja la utulivu, mpira utakaposimama, linatosha. Ya pili ni kocha anayesimama ndani ya uwanja mpira ukiwa hai, yaani ukichezwa, karibu naye, kiasi kwamba mchezaji wa kona anakosa nafasi ya kuweka mguu au mwamuzi wa pembeni analazimika kumzunguka. Huyo ameshaingilia mchezo, na usalama wa mtoto unaoguswa hapo hauhitaji kusubiri onyo la pili. Ya tatu ni kocha anayetoka kwenye eneo lake kumfuata mwamuzi hadi karibu na katikati ya uwanja. Huyu hata akizungumza kwa upole, mwendo wake peke yake umeshazungumza, na kila aliyepo ukumbini ameuona.

Kuna safari mbili halali za kutoka kwenye eneo hilo ambazo waamuzi wapya husahau. Kocha mkuu au kocha msaidizi wa kwanza anaruhusiwa kwenda mwenyewe kwenye meza ya maofisa kuomba taimauti, na anaruhusiwa pia kuiuliza meza taarifa za takwimu, ilimradi mpira umekufa, yaani mchezo umesimamishwa, na saa imesimama, na afanye hivyo kwa adabu bila kuwavuruga maofisa kazini. Wakati wa taimauti, watu wa benchi wanaweza kuingia uwanjani wakibaki jirani na eneo lao. Kocha anayechora mbinu kwenye ubao hatua mbili ndani ya mstari wakati huo hajavunja chochote.

Hatua ya tatu: bainisha nani anasimama na nani anasema

Kwa FIBA, kocha mkuu au kocha msaidizi wa kwanza anaruhusiwa kubaki amesimama wakati wa mchezo, lakini mmoja tu kwa wakati mmoja. Wote wawili wakisimama, mmoja lazima akae. Kwa NFHS, ruhusa ya kutumia kisanduku ni ya kocha mkuu peke yake.

Kuhusu kuzungumza na waamuzi, kocha msaidizi wa kwanza hana ruhusa hiyo kabisa. Nahodha anaweza kuwauliza kwa heshima ili apate maelezo, mpira ukiwa umekufa na saa ikiwa imesimama. Walimu wengi hawaitumii nafasi hii ya nahodha, nami naona ni hasara. Nahodha wa miaka kumi na sita aliyefundishwa kusema, “Samahani mwamuzi, faulo ile imeandikwa kwa namba ngapi?” hupata jibu kamili pale ambapo mwalimu wake, kwa sauti yake ya mita 9, angeambulia mkono wa kumwambia akae.

Wachezaji wa akiba ni suala jingine. Wanaporuka kwa furaha baada ya kikapu kizuri kisha wakakaa, sioni sababu ya mwamuzi kuwagusa. Wanapobaki wamesimama dakika nzima wakiwazuia maofisa wa meza kuona, au wanapomzomea mpinzani anayejiandaa kutupa kutoka kona iliyo mbele ya benchi lao, hali inabadilika. Fasiri rasmi za FIBA hazimruhusu mpinzani kumbabaisha mtupaji kwa vitendo kama kupiga kelele kubwa, kukanyaga sakafu kwa kishindo au kupiga makofi karibu naye. Mtupaji akiwa ameathirika, faulo ya kiufundi inaweza kutolewa. Akiwa hakuathirika, hutolewa onyo. Kocha ndiye atakayebeba faulo ya watu wa benchi lake, kama tutakavyoona, kwa hiyo mwenye sababu kubwa zaidi ya kulituliza benchi ni yeye.

Hatua ya nne: pima maneno na ishara

Hapa ndipo penye kazi. Kanuni inataja kuwasiliana kwa dharau na waamuzi, maofisa wa meza, wapinzani au watu wa benchi. Inataja kutumia lugha au ishara zinazoweza kuudhi au kuwachochea watazamaji. Na inataja kupuuza maonyo. Zaidi ya hapo, uamuzi ni wa mwamuzi. Ninapendekeza aupitishe kwenye maswali manne, na kocha naye ayatumie maswali hayohayo kujipima.

Swali la kwanza: maneno yanahusu tendo au yanahusu mtu? “Mwamuzi, tafadhali angalia mguu wa namba nane, anatembea kabla ya kudunda” ni maneno kuhusu tendo. “Umeamua kutuumiza leo” yanamhusu mtu, na yanashambulia uadilifu wake. Sentensi ya kwanza ikisemwa kwa sauti kubwa kwa sababu ukumbi una kelele, bado inabaki kuwa sentensi kuhusu mguu wa namba nane. Ya pili ikinong’onwa, inabaki kuwa shutuma. Waamuzi wanaoadhibu sauti badala ya maudhui huwaadhibu makocha wenye koo pana na kuwaacha wanaotukana kwa utulivu.

Swali la pili: anawasemea nani? Kocha anayemtazama mwamuzi na kumuuliza anazungumza na mwamuzi. Kocha anayegeuka kuelekea jukwaani, akafungua mikono na kutikisa kichwa, hazungumzi na mwamuzi hata kidogo; anawaita mamia ya watu waje kusaidia. Katika mchezo wa shule jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu watazamaji wengi ni wanafunzi wanaomtambua mtu huyo kama mwalimu wao, na wakishaona mwalimu amewapa ruhusa ya kuzomea hawatahitaji kuombwa mara ya pili.

Swali la tatu: imechukua muda gani? Mshangao wa ghafla unaokwisha mpira unaporudi mchezoni ni wa kibinadamu. Malalamiko kuhusu uamuzi wa robo ya kwanza yanayoendelea hadi robo ya tatu yamekuwa shinikizo, hata kama kila neno, likichukuliwa peke yake, lina adabu. Mwamuzi anastahili kuyahesabu kwa ujumla wake.

Swali la nne: ishara ina tafsiri nyingine yoyote? Mikono iliyoinuliwa inaweza kuwa ya kukata tamaa, au ya kumwonyesha mchezaji namna ya kulinda bila kugusa. Kusugua kidole gumba na kidole cha shahada kuashiria pesa huku ukimtazama mwamuzi hakuna tafsiri nyingine: ni kumtuhumu kwamba amehongwa. Kuonyesha miwani machoni, kumpigia mwamuzi makofi ya polepole baada ya faulo, kutupa ubao wa mbinu sakafuni ili ulie kwa kishindo, ni ishara ambazo ukumbi mzima huzielewa mara moja. Kwa ishara za namna hii sioni haja ya onyo.

Tuchukue tukio moja tulitazame kwa karibu. Mchezaji wa timu ya nyumbani anaingia chini ya kikapu, anagongana na mlinzi, anaanguka, na filimbi haipigwi. Kocha wake anaruka, mikono juu, anapaza sauti: “Hiyo ni faulo!” Mpira unakwenda upande wa pili. Anapiga hatua tatu kuufuata mchezo akiwa ndani ya eneo lake, anasema tena, “Ile ilikuwa faulo, mwamuzi,” kisha anaanza kuwaelekeza walinzi wake. Hapa hakuna kosa. Alichosema kinahusu tendo, alimwambia mhusika, na kimekwisha. Sasa badilisha jambo moja tu. Baada ya kusema mara ya pili hageuki kuwaelekeza walinzi, anabaki ameuelekea uso wa mwamuzi wa pembeni, anatembea sambamba naye akirudia, “Kila siku hivihivi, kila siku hivihivi.” Sauti yake sasa ni ya chini kuliko mwanzo. Hata hivyo ameacha kufundisha, na kazi pekee anayoifanya ni kumbana mwamuzi. Mpira utakapokufa, hilo ni onyo, na likirudiwa ni faulo ya kiufundi.

Linabaki suala gumu: kocha anayemtukana mchezaji wake mwenyewe. Orodha ya makosa ya kiufundi imeelekezwa zaidi kwa waamuzi, maofisa wa meza na wapinzani, na baadhi ya waamuzi huhitimisha kwamba yanayosemwa kati ya kocha na mtoto wa timu yake hayawahusu. Mimi nakataa hitimisho hilo. Faulo ya kumwondoa mtu mchezoni hutolewa kwa tendo lolote la wazi na baya lisilo la kimichezo, na kocha ametajwa kati ya wanaoweza kuadhibiwa nayo. Kumshika mwanafunzi shingoni au kumtukania wazazi wake mbele ya umati kunaingia humo bila kulazimisha maneno. Kwa ukali usiofikia hapo, mwamuzi aandike ripoti kwa waandaaji, nao wauchukulie kama suala la ulinzi wa mtoto, kwa sababu ndivyo lilivyo.

Hatua ya tano: toa onyo ipasavyo

Onyo hutumika kwa tendo au mwenendo ambao ukirudiwa unaweza kuleta faulo ya kiufundi. Kwa fasiri za FIBA, hutolewa pale tu mpira umekufa na saa imesimama, na onyo alilopewa mchezaji huwasilishwa pia kwa kocha wake na kuwahusu wanatimu wote kwa vitendo vinavyofanana, kwa muda wote wa mchezo uliobaki. Maana yake ni kwamba kocha hawezi kujitetea kwa kusema kwamba mchezaji aliyerudia kosa siye yule aliyeonywa kwanza.

Onyo zuri ni fupi na linataja kitu mahususi. “Kocha, maoni kuhusu faulo za chini ya kikapu yametosha, nimekusikia” linaeleweka. “Kocha, jiheshimu” ni tusi jipya lililovaa nguo za onyo, na kocha mwenye hasira atalijibu kama tusi. Mwamuzi akimaliza kusema aondoke mara moja, asisubiri neno la mwisho. Kisha awaarifu waamuzi wenzake, maana hakuna kinachoharibu mchezo kama kocha kuonywa mara tatu na waamuzi watatu, kila mmoja akidhani ni mara ya kwanza.

Makocha nao waelewe kwamba onyo si haki yao. Hakuna ngazi inayomlazimu mwamuzi kuanzia chini. Kosa zito linaweza kupewa faulo ya kiufundi, au kumwondoa mtu mchezoni, bila neno lolote la awali.

Hatua ya sita: andika herufi sahihi na ujue hesabu yake

Kwenye karatasi ya mchezo ya FIBA, faulo ya kiufundi ya kocha huandikwa kwa herufi mbili tofauti, na kuzichanganya kunaweza kumwondoa mtu asiyestahili au kumbakisha anayestahili kuondoka. Herufi C huandikwa kocha mkuu anapoadhibiwa kwa mwenendo wake mwenyewe usio wa kimichezo. Herufi B huandikwa kwa mengineyo, yakiwemo makosa ya kocha msaidizi, ya mchezaji wa akiba, na ya mchezaji aliyekwisha kutimiza faulo 5 ambaye sasa amekaa benchi. Hakuna kati ya faulo hizi inayoingia kwenye hesabu ya faulo za timu katika robo husika, tofauti na faulo ya kiufundi ya mchezaji aliyepo uwanjani.

Kocha mkuu huondolewa akipata C mbili, au akifikisha faulo tatu ambazo ama zote ni B, ama moja ni C na mbili ni B.

Tuufuate mchezo mmoja. Katika robo ya pili kocha anapuuza onyo kuhusu kumzonga mwamuzi, anaandikiwa C, mpinzani anapiga mtupo huru 1, na timu iliyokuwa na mpira inaendelea nao kutoka mahali palipo karibu na pale mchezo uliposimama. Katika robo ya tatu mchezaji wake wa akiba anamtusi mpinzani anayepita mbele ya benchi. Inaandikwa B kwenye mstari wa kocha. Sasa kocha ana C moja na B moja, na lolote litakalofuata litamwondoa: C nyingine ingekuwa ya pili ya aina yake, na B nyingine ingefikisha jumla ya tatu. Katika robo ya nne kocha msaidizi anapiga meza kwa ngumi na kumfokea mtunza saa. Inaandikwa B, na kocha mkuu, ambaye huenda alikuwa ameketi kimya, anaondoka. Adhabu ya uwanjani ni ya faulo hiyo ya mwisho tu, yaani mtupo huru 1. Kuondolewa kwake hakuongezi mitupo mingine. Ingekuwa tofauti kama angeondolewa moja kwa moja kwa kosa baya, kwani hapo mpinzani hupata mitupo huru 2 na mpira.

Ofisa wa meza amwarifu mwamuzi mapema kocha anapobakiwa na faulo moja kabla ya kuondolewa. Kwa NFHS hesabu inafanana ingawa majina yanatofautiana: faulo 2 za moja kwa moja humwondoa kocha mkuu, vilevile jumla ya 3 zikichanganywa na zile anazobebeshwa kwa makosa ya benchi lake.

Aliyeondolewa huenda kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha timu yake na kubaki huko hadi mwisho, au akipenda huondoka kwenye jengo. Kusimama mlangoni akitoa maelekezo kwa simu au kupitia kwa mwanafunzi ni kuikwepa kanuni. Kocha msaidizi wa kwanza aliyeandikwa kwenye karatasi huchukua nafasi yake, na asipokuwepo, kitabu humkabidhi nahodha kazi hiyo. Kwa timu ya watu wazima utaratibu huo unatosha. Kwa watoto hautoshi, kwa sababu nahodha anaweza kuomba taimauti lakini hawezi kuwa mlezi wa wenzake. Shule isisafiri na mwalimu mmoja, na waandaaji waandike kwenye kanuni zao kinachofanyika ikiwa timu itabaki bila mtu mzima.

Hatua ya saba: majeraha na mapigano

Mchezaji akiumia, kocha asiingie uwanjani bila ruhusa ya mwamuzi. Mwamuzi naye awe mwepesi kuitoa, maana mwalimu anayemwona mwanafunzi wake amelala sakafuni ana wajibu unaotangulia ule wa kocha. Kumbukeni tu kwamba mchezaji akihudumiwa na watu wa benchi lake anatakiwa kubadilishwa, isipokuwa kama timu ingebaki na wachezaji pungufu ya watano uwanjani.

Katika mapigano, watu wa benchi wanaotoka kwenye eneo lao huondolewa mchezoni. Kocha mkuu na kocha msaidizi wa kwanza pekee ndio wanaoweza kuingia, kwa sharti kwamba wanawasaidia waamuzi kurejesha utulivu. Anayeingia na kusimama akitazama, au akabishana na kocha mwenzake, hana kinga hiyo. Wafundisheni wachezaji wa akiba jambo hili mazoezini: hata ukikimbilia kumtoa rafiki yako kwenye ugomvi, umeshaondoka benchi.

Hatua ya nane: baada ya mchezo, uliza kwa njia inayojibika

FIBA huruhusu timu kupinga matokeo, na nahodha hutakiwa kumjulisha mwamuzi mkuu na kutia saini kwenye karatasi ndani ya dakika 15 baada ya mchezo kwisha. Hata hivyo sababu zinazokubalika ni mahususi, kama vile kosa la kuandika alama au kutunza muda ambalo halikurekebishwa, au mchezaji asiyestahili kucheza. Hukumu ya mwamuzi kwamba maneno ya kocha yalikuwa ya dharau haimo katika orodha hiyo. Njia iliyobaki ni kuomba fasiri kwa waandaaji au kwa kamati ya waamuzi, nayo hufanya kazi vizuri zaidi kuliko watu wanavyodhani, mradi barua iandikwe sawasawa.

Barua hiyo isiandikwe usiku uleule. Itaje robo, muda uliokuwa kwenye saa, mpira ulikuwa wapi na kama ulikuwa hai, kocha alikuwa amesimama wapi kuhusiana na mistari, maneno yaliyotamkwa kama yalivyotamkwa, onyo lililotangulia kama lilikuwepo, na herufi iliyoandikwa kwenye karatasi. Kisha iulize swali moja linaloweza kujibiwa. “Je, mwamuzi alituonea?” halina jibu ambalo kamati inaweza kulitoa. “Je, kocha mkuu aliyesimama ndani ya eneo la benchi, akauliza kuhusu faulo mpira ukiwa hai, bila onyo la awali, anastahili faulo ya kiufundi kwa kuuliza huko peke yake?” lina jibu, na jibu hilo likisambazwa kwa shule zote na waamuzi wote kabla ya raundi inayofuata, makocha wote wa mashindano hayo watajua mpaka ulipo. Mwamuzi naye aandike ripoti yake kwa vipengele hivyohivyo, bila sifa wala lawama, ili kamati iweze kuziweka karatasi hizo mbili pamoja na kuona ni wapi hasa zinapotofautiana.